Barua za vitani: majibu kwa mlioandika kuhusu V-mail

Wengi mmeuliza jinsi wanawake wa Marekani walivyoandikiana na waume, wana na kaka zao katika Vita vya Pili vya Dunia. V-mail, njia ya kutuma barua hizo kwa filamu, ilianza Juni 1942. Barua ilipigwa picha kwenye filamu ndogo, filamu ikasafirishwa, kisha ikasafishwa na barua kuchapwa upya ng'ambo, karibu na aliyeandikiwa.

Kwa nini wasitume barua yenyewe?
Kwa sababu ya uzito. Barua 150,000 za ukurasa mmoja zilijaza magunia 37, karibu kilo 1,170. Zikiwa kwenye filamu, zilienea gunia moja la kilo 20 hivi, na nafasi iliyobaki ikabeba vifaa vya vita. Barua halisi ilihifadhiwa mpaka ijulikane kuwa filamu imefika. Ndege ikipotea, barua hiyo ilipigwa picha tena.

Mke aliandikaje ili mumewe aweze kusoma?
Hapa ndipo wengi walipokosea. Fomu ilikuwa na ukubwa wa sentimita 18 kwa 23 hivi, lakini nakala aliyopokea askari ilikuwa 11 kwa 13. Mwandiko mdogo ulipungua mpaka ukawa kama mstari wa sisimizi, na penseli hafifu haikuonekana kabisa. Ilitakiwa wino mweusi au taipureta, herufi kubwa kidogo, upande mmoja tu, bila kutoka nje ya fremu.

Anwani nayo ilipigwa picha, kwa hiyo iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye kisanduku cha juu: jina, cheo, namba ya jeshi, kikosi na namba ya APO, yaani posta ya jeshi. Waliokuwa Ulaya waliandikiwa kupitia New York, wa Pasifiki kupitia San Francisco. Namba ya jeshi haikuwa ya kuachwa, maana majina yalifanana mno.

Mwenye maneno mengi alitumia fomu kadhaa, kila moja na anwani yake na namba yake, kwani zilisafiri kila moja kivyake na ya tatu iliweza kutangulia ya kwanza. Kisa cha mtoto kuugua kikimfikia baba baada ya habari za kupona kwake, namba ndiyo iliyomtuliza.

Je, ni kweli busu lilikatazwa?
Ndiyo. Wanawake walibusu karatasi wakiwa na rangi ya mdomo, na rangi ile ilinata kwenye mashine na kuchafua barua za wenzao.

Barua za mume zina matundu. Nani alizikata?
Ofisa wa kikosi chake. Alizisoma zote, na kilichotaja mahali, safari ya kikosi au idadi ya majeruhi kilikatwa kwa wembe au kufutwa kwa wino. Aliyekuwa na siri ya ndoa aliweza kuomba bahasha ya buluu, isiyofunguliwa na ofisa wake bali na wakaguzi wa mbali wasiomjua.

Mbona wengine walikaa miezi bila barua?
Vikosi vilihama upesi kuliko barua zilivyoweza kuvifuata. Mapema 1945 mamilioni ya barua na vifurushi vilirundikana Birmingham, Uingereza. Kikosi cha 6888 cha jeshi la Marekani, wanawake Weusi 855 chini ya Meja Charity Adams, walipewa miezi sita kuzipanga na kuzituma. Walifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, wakitumia kadi zipatazo milioni saba za kumtambua kila askari. Walimaliza kwa miezi mitatu. Naona kazi yao haijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili.

Tumerithi barua za babu, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) aliyepigana Burma. Tuzitunzeje?
Barua za askari wetu nazo zilikaguliwa, kwa hiyo msishangae mkikuta maneno yamefutwa. Msizipake plastiki ya moto wala msizibandike kwa selotepu: gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Zikunjueni taratibu, mkunjo mkavu ukilazimishwa hukatika. Ondoeni pini zenye kutu. Mkiandika tarehe, tumieni penseli laini, nyuma. Pwani adui ni unyevu na wadudu, basi ziwekeni ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi, kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Na zipigeni picha leo, pande zote mbili, pamoja na bahasha: muhuri wa posta mara nyingi ndio unaobeba tarehe ambayo barua haina.