Maswali ya Wasomaji: Ukifika milpa, anzia jikoni

SWALI: Mwezi wa 11 nitalala siku mbili kwenye milpa, shamba la kienyeji la mahindi, huko Oaxaca, Meksiko. Mahindi nimeyajua tangu utotoni. Nikaangalie nini ambacho sijakiona? – Msomaji, Tanga

JIBU: Waombe wenyeji wako ufike jioni, chungu cha mahindi kinapobandikwa. Heshima ya mahindi kwa watu wa huko imo kwenye chungu hicho, na kazi yake huanza usiku wa kuamkia siku ya kula.

Vipimo vya kawaida ni mahindi makavu kilo 1, maji lita 3 na chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji) gramu 10. Moto ni wa taratibu, dakika 30 hadi 45. Mpishi huchota punje na kuifikicha kwa vidole: ganda likibanduka huku katikati pakiwa bado pagumu, chungu huepuliwa na kufunikwa mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo nixtamali. Huoshwa, husagwa ikiwa bado na maji, hukandwa na kuchomwa kuwa tortilla, mikate myembamba kama chapati.

Tazama sana anavyoosha. Akiosha hadi maganda yote yaondoke, donge litapasukapasuka, kwa kuwa utomvu wa ganda ndio unaolishika. Chokaa ikizidi, mkate unakuwa mchungu. Mahindi yakiiva kupita kiasi, donge linanata mikononi.

Chokaa hiyo si ya ladha tu. Hufungua niasini, vitamini iliyofungika ndani ya punje. Ulaya walichukua mahindi wakaacha chokaa, na maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa mahindi peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini.

Shambani, maharage yamepanda juu ya mabua na maboga yametambaa chini. Huo mchanganyiko ndio milpa. Mabua yaliyokunjwa katikati si ya kuvunjwa na upepo: mkulima huyakunja ili gunzi litazame chini, mvua isiingie. Kisha omba uonyeshwe mbegu zinavyochaguliwa. Mara nyingi huchukuliwa punje za katikati ya gunzi. Za kichwani na za kitakoni huenda jikoni.

SWALI: Naweza kuijaribu nixtamali nyumbani? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Unaweza, na chokaa unayo: ile ya tambuu, nyeupe, isiyotiwa rangi wala manukato. Kwa kuwa ina maji ndani yake, pima kama gramu 20 kwa kilo, uikoroge kwanza katika kikombe cha maji. Usitumie chokaa ya kupakia ukuta, wala ile isiyozimwa, ambayo huunguza. Sufuria ya alumini iache, chokaa huila. Mahindi yawe mazima, yaliyokobolewa hayafai.

SWALI: Nirudi na mbegu za rangi kutoka huko? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usirudi hata na gunzi la kumbukumbu. Dumuzi, mdudu mtoboa mahindi ambaye wakulima wengi humwita Scania, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alibainika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo anageuza maghala ya mahindi kuwa vumbi. Rangi zipige picha, vipimo viandike.