Kabla hujamtoa nje, soma hapa

Mleta mada, USIMTOE. Umeandika una kijana anayekuvurugia kipindi kila siku, kwamba kuanzia wiki ijayo utamtoa nje mpaka anyooke, halafu chini kabisa ndiyo unauliza chanzo cha utovu wa nidhamu darasani ni nini na madhara yake ni yapi. Yaani hukumu kwanza, upelelezi baadaye. Nisingekusema kama mimi mwenyewe nisingefanya ujinga huohuo muhula mzima.

Wangu alikaa dawati la dirishani. Kipindi changu hakiishi bila mluzi, au kalamu ya mwenzake kuruka nje. Mkongwe mmoja wa pale ofisini, mtu ambaye kikombe cha chai hakimtoki mkononi, akaniambia: "Samaki mkunje angali mbichi. Mtoe mbele ya wenzake, waliobaki watatulia." Kweli walitulia. Dakika kumi. Baadaye sana nikaja kusoma kuhusu Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani, ambaye mwaka 1970 alichapisha matokeo yaliyonitia aibu: madarasa yaliyotulia hayakutofautiana na yenye fujo kwa namna mwalimu anavyokaripia. Tofauti ilikuwa kwa mwalimu anayejua kinachoendelea kila kona, na somo lisilokwamakwama. Mzee wa chai hakunigusia hilo. Nikamkunja samaki mpaka nikamvunja, na wakati wa kuokota vipande yeye alikuwa anaongeza sukari.

Nilishtuka siku naandika taarifa ya kumshtaki kwa mkuu wa shule. Nikafungua daftari langu la matukio ili nihesabu makosa yake. Nimemtoa mara 14. Mara 11 kati ya hizo tulikuwa tunasoma kwa sauti, kwa zamu, dawati kwa dawati. Nikavuta daftari lake kwenye rundo. Tarehe safi, kichwa cha habari kimepigiwa mistari miwili kwa rula, mwandiko wa kupendeza. Kazi yote kanakili kwa jirani yake. Na chini kabisa, kwa mwandiko uleule mzuri, alikuwa amenakili na jina la jirani.

Hakujua kuwa lile ni jina la mtu.

Kumbe alikuwa anahesabu. Zamu ikibakiza watu watatu kumfikia, mluzi. Mimi nafoka, yeye anatoka, aibu imemkwepa. Wataalamu wa tabia wanaita uimarishaji hasi: tendo linalomwondolea mtu karaha, atalirudia. Nilikuwa namlipa, tena kwa wakati, kuliko mimi ninavyolipwa. Wenzake wakambandika jina la mkorofi naye akalivaa. Hadi muhula unaisha wapiga mluzi wangu walikuwa watatu, na huyo niliyemtoa ili asome adabu alikuwa nyuma kuliko nilivyomkuta. Madhara uliyouliza ndiyo hayo, sina mengine.

Kwa hiyo chukua daftari, wiki mbili tu, kila fujo ikitokea andika DAKIKA ILIYOTANGULIA. Alichofanya yeye unakijua tayari. Andika ulikuwa umewaambia wafanye nini. Kama ni kunakili kutoka ubaoni kila mara, msogeze mbele, macho yake yapimwe. Kama ni pale unapoongea ukiwa umewapa mgongo, fikiria masikio. Kama anaanza akishamaliza zoezi kabla ya wote, kachoka kukusubiri. Na kama ni ule muda unapopekua begi ukitafuta kitabu, mwalimu, hapo mkorofi ni wewe. Najua utasema wengine ni watundu tu. Wapo. Hata hao daftari litakuonyesha wanamchekesha nani.

Wangu niliacha kumsomesha kwa zamu. Nikawa nampa kipande jioni, kesho yake nyakati za mapumziko ananisomea tukiwa wawili tu. Muhula uliofuata alinyoosha mkono mwenyewe, akasoma mistari miwili mbele ya darasa. Nikainama kutafuta chaki ambayo haikuanguka.

Ya kupanga viti na kuita wazazi sijayagusa, wenzangu watakujibu. Mimi nataka kujua kitu kimoja: jana alipoanza kugonga dawati, ulikuwa umewapa kazi gani?