Unalala vizuri lakini unaamka umechoka

Pole sana, ndugu. Unalala kwa saa nane na bado unaamka hoi, kazi uliyoipenda sasa unaichukia, na unajiona hufai kitu. Huo si uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja mambo hayohayo matatu, kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kushuka kwa ufanisi, kuwa dalili za uchovu wa msongo wa muda mrefu kazini.

Mimi nilidhani likizo ya wiki mbili ingenitibu. Wapi! Nilirudi kwenye mzigo uleule, siku ya tatu nikawa palepale. Kilichonisaidia ni kumpelekea bosi orodha ya kazi zangu zote na kumuuliza ipi isubiri. Usimwambie "nimechoka" tu; mwonyeshe karatasi. Jioni, zima simu ya kazi.

Ila kwanza mwone daktari akupime: upungufu wa damu na matatizo ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, huleta uchovu kama huo, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, hufanana nao sana. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako.