Ndege wapya kuanzia Ruaha hadi Kitulo: hesabu mwinuko kabla ya kilomita

Mwenye haraka ya kutoka Iringa kwenda Mbeya huhesabu kilomita. Anayetaka kuongeza majina kwenye orodha yake ya ndege ahesabu mwinuko. Kando ya mto Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, uko chini ya mita 1,000. Nyanda za Kitulo ziko mita 2,600 hivi. Kati ya hapo ndege hubadilika karibu wote, kwa hiyo lala Ruaha mara mbili, Mafinga mara moja, Matamba mara mbili, halafu umalizie kwenye msitu wa mlima Rungwe.

Mwezi mzuri ni Novemba. Mbayuwayu wa buluu wameshafika Kitulo kuzaliana, kweche madume, ndege wa nyasini wa ukoo wa kwera, wanavaa manyoya yao meusi, na udongo wa kule juu bado unapitika. Januari maua ni mengi na yanapendeza kweli, lakini tope jeusi hukwamisha hata gari lenye gia ya nguvu. Julai barabara ni kavu, ila mbayuwayu huyo hayupo, na kweche dume amegeuka rangi ya kahawia kama jike. Hapo ndipo watu wengi hupoteza jina ambalo lingekuwa rahisi.

Ruaha kazi ni nyepesi. Tafuta kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu, anayepatikana Tanzania peke yake, na cherero, kasuku wadogo wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano. Hondohondo wa pale mwenye mdomo mwekundu mwangalie usoni: ngozi inayozunguka jicho ni nyeusi na jicho ni la njano. Mpige picha ya uso kabla ya kuandika jina, maana jamaa zake wa sehemu nyingine wanafanana naye sana.

Kutoka Iringa kwenda Makambako tazama nyaya na vichaka vya kando ya barabara. Mbwigu mwenye nyusi nyeupe ndiye wa Uhehe. Vitabu vingine humhesabu kama spishi kamili, vingine humweka chini ya mbwigu wa kawaida, hivyo amua mapema unafuata orodha ipi. Usisimame kwenye kona wala mlimani, malori hayana nafasi ya kukukwepa. Ingia kwanza njia ya shamba, ndipo ushuke.

Chimala kwenda Matamba unapanda kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Panda mchana, na siku ya kushuka tumia gia ileile uliyopandia. Anayeshuka kwa kukanyaga breki muda wote huziunguza kabla hajafika chini.

Kitulo ndiyo yenye ugumu, na ndiyo yenye thawabu. Ondoka Matamba saa 11 alfajiri. Usiirudishe darubini yenye baridi mbele ya kipasha joto cha gari, kwa sababu lenzi baridi ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu hufunikwa na mvuke kwa dakika kadhaa, na ndizo dakika ndege wanazoimba. Iache kwenye kiti cha nyuma, dirisha likiwa wazi kidogo. Ya 8x42 (inayokuza mara nane) inafaa kuliko ya 10x42 (mara kumi): kwenye ukungu na upepo picha hutulia zaidi.

Kosa kubwa pale ni kumwandika mbayuwayu wa buluu wakati uliyemwona ni mbayuwayu mweusi. Kwenye ukungu wote wawili ni weusi tu. Subiri jua limpige ubavuni: wa buluu hung'aa kama chuma kilichosuguliwa, hadi tumboni, na dume ana nyuzi ndefu mkiani. Huruka chini juu ya nyasi, mweusi hupenda zaidi ukingo wa msitu. Wa buluu hujenga ndani ya mashimo ya ardhini, kwa hiyo ukimwona anazunguka sehemu moja, rudi nyuma. Ukisimama karibu na shimo hawezi kuingia kulisha, na ndege hawa wamebaki wachache.

Kuna videnenda wawili, ndege wadogo wa kahawia: kidenenda wa Njombe na kidenenda mwenye weusi kati ya jicho na mdomo hutofautishwa kwa sikio kwanza. Huyu wa pili huimba wawili wawili kwa sauti kubwa vichakani. Wa Njombe hukaa kwenye nyasi na ana mgongo wenye michirizi. Pakua sauti zao ukiwa bado Mbeya au Iringa, kwa kuwa juu mtandao hukatika. Zisikilize kwa kipokea sauti cha masikioni tu. Kuzipiga hadharani mara kwa mara huweza kuwafanya ndege waache viota.

Tandawala mkubwa, ndege mrefu wa nyasini, mtafute saa 3 asubuhi, ukungu ukiondoka, ukiwa ndani ya gari. Ukishuka anatembea kwenda mbali.

Andika kwenye daftari ulichoona kabla ya kufungua kitabu: rangi ya mdomo, mkia, mahali, saa. Ukianza na kitabu, macho yatakubali picha yoyote. Asiyetosheleza maelezo abaki na alama ya kuuliza, na siku ya Rungwe ukimsikia shorobo, ndege wa msituni anayejificha, bila kumwona, mpe alama hiyohiyo.