Bango halionekani? Acha picha, kagua saa na ratiba ya seva

Mwenzetu mmoja wa Kasulu, mwenye tovuti ya habari za mkoa, ameniandikia. Mteja wake anauza sola Kigoma mjini na amelipia bango la jioni, "saa moja mpaka saa nne usiku". Kila akifungua tovuti muda huo, haoni kitu. Picha imebadilishwa, msimbo umebandikwa upya, bado. Anatumia Revive Adserver, ile programu huria ya kuendesha matangazo kwenye tovuti, iliyokuwa ikiitwa OpenX kabla ya 2013. Ndugu yangu, namjibu mbele yako kwa sababu huenda na wewe bango lako limekwama palepale.

Saa kwanza. Kanuni ya saa kwenye Revive, pale unapochagua bango litoke saa zipi, inahesabu 0 hadi 23, kuanzia usiku wa manane, wakati mteja wetu anahesabu kuanzia jua linapochwa. Saa moja usiku yake ni 19. Akisema mpaka saa nne, weka tiki kwenye 19, 20 na 21, basi. Ukiongeza 22 umempa saa nzima ya bure, kwa kuwa 22 inakwenda hadi saa tano kasoro dakika moja. Ukiweka 1 mpaka 4, bango litatoka kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwenye duka hataliona, na wateja wake hawataliona.

Hata namba zikiwa sahihi, ukanda wa saa unaweza kuziharibu. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Hapo 19 yako inakuwa saa nne usiku, na kampeni inayoanza tarehe 1 inaamka saa tisa usiku. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, chagua Africa/Dar_es_Salaam. Kisha rudi kwenye kanuni yenyewe ya saa: nayo ina sehemu yake ya kuchagua ukanda, na hiyo ndiyo wengi wanairuka.

Pili, matengenezo ya kila saa. Revive hupanga upya kipaumbele cha kampeni kila dakika 60, na hapohapo hujumlisha takwimu. Kazi hiyo inafanywa na faili la `maintenance.php` lililomo kwenye folda ya `scripts/maintenance`. Usitegemee matengenezo ya kiotomatiki yanayongoja mgeni afungue tovuti. Usiku tovuti ndogo inaweza kukaa muda mrefu bila mtu. Weka kroni, yaani amri ambayo seva huiendesha yenyewe kwa ratiba:

`0 * * * * php /njia/ya/revive/scripts/maintenance/maintenance.php jina-la-domeni`

Hilo jina la mwisho lazima lilingane na jina la faili la `.conf.php` lililo kwenye folda ya `var`. Likikosewa, programu haipati mipangilio yake na kazi haifanyiki. Na mteja akilalamika kuwa namba kwenye ripoti hazipandi papo hapo, mweleze kwamba zinajumlishwa kwa saa.

Sasa aina ya kampeni, na hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Override inapita mbele ya zote. Remnant inajaza nafasi iliyobaki. Contract ndiyo ya mteja aliyelipia idadi maalumu, na inahitaji vitu viwili: idadi ya maonyesho (mara ambazo bango litaonekana) na tarehe ya mwisho. Bila tarehe, wekea kikomo cha kila siku, la sivyo seva haina cha kugawanya.

Piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme nafasi yako inapata maonyesho 2,000 kwa siku, na 600 kati ya hayo ni ya saa moja hadi saa nne usiku. Kwa siku 30 jioni inakupa 18,000. Ukimuuzia mteja 30,000 za jioni kwa kuwa mwezi mzima una 60,000, umemuuzia usichokuwa nacho, na hakuna kipaumbele, hata 10, kitakachozalisha wasomaji wasiokuwepo. Huo ni wizi hata kama hukukusudia.

Contract pia inasambaza kwa usawa, jambo lisilofaa kila biashara ya huku ziwani. Muuza taa za wavuvi wa dagaa anataka siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi ikishakomaa uvuvi wa taa unasimama. Usimwekee kampeni moja ya mwezi; mtengenezee kampeni fupi zenye tarehe zake kwa kila giza.

Kulenga mji kwa anwani ya IP, usikuuze. Mtu wa Ujiji au Mwanga anayetumia bando la simu mara nyingi husomeka kama yuko Dar es Salaam, maana trafiki ya mitandao ya simu huingia intaneti kupitia mageti ya kampuni hizo, si pale alipo msomaji. Nchi, sawa. Mji, lenga kwa anwani ya ukurasa: bango litokee pale ambapo anwani ina neno kigoma. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke IP ya simu yako kwenye orodha ya wasiohesabiwa. Anwani hiyo mnaitumia wengi, utawafuta wasomaji halisi.

Kikomo cha mara ambazo msomaji mmoja anaoneshwa bango, mathalani mara 3, kiambatane na saa 24 za kuanza upya. Ukiacha sehemu hiyo wazi, aliyeona mara 3 haoni tena kabisa. Kinategemea vidakuzi, vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari, na kivinjari cha Safari huzuia vile vya domeni ya nje. Weka seva ya matangazo kwenye domeni ndogo ya tovuti yako mwenyewe.

Mwisho, jaribu kwa utulivu. Kashe ya mabango, nakala ya muda inayotumiwa na seva, kwa kawaida hudumu sekunde 1200, yaani dakika 20, kwa hiyo badiliko la sasa huenda usilione sasa. Watu wengi huharibu hapo: wanabadilisha mambo matano kwa pupa, kisha hawajui lipi limeponya. Wakati wa majaribio ishushe iwe 60, ukimaliza irudishe. Hakikisha bango na nafasi vina kipimo kimoja, 320 kwa 50 au 300 kwa 250. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, angalia upande wa mtandao kwenye zana za kivinjari, tafuta `asyncspc.php`. Jibu likirudi tupu, kanuni, tarehe au kuunganishwa kwa bango na nafasi ndiko kumekataa. Likirudi na picha na bado huioni, seva yako haina kosa: angalia muundo wa ukurasa, au kizuia matangazo kwenye kivinjari hicho.