Kabla hawajafunika: barua kwa mwanangu aliyeko Edmonton, Kanada

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, kaskazi inavuma vizuri na mjomba wako amepona mguu. Barua yako niliipata pamoja na picha zote kumi na mbili, na swali lako nimelisoma mara nyingi: "Mama, wewe ndiye uliyejenga nyumba ya Sahare, basi tuambie, tununue hii nyumba ya mwaka 1949 tuikarabati, au tununue kile kiwanja cha nje ya mji tujenge wenyewe kuanzia chini?" Nimechelewa wiki mbili kukujibu kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja, kwamba nyumba ya Sahare niliijenga mimi.

Nianze na picha ya saba, ile ya ukuta wa besimenti, hicho chumba chenu cha chini ya ardhi. Kiasi cha shibiri mbili kutoka sakafuni kuna mstari mweupe kama unga, unapanda na kushuka hadi kwenye kona, na unasema mwenye kuwauzia amewaambia kuwa ni rangi iliyochakaa. Ile si rangi, mwanangu. Ile ni chumvi, nawe unaijua, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiikwangua kwa ukucha kwenye ukuta wetu wa ukumbini na kuionja, nami nikikukataza kila siku. Chumvi haipandi ukutani peke yake; huletwa na maji yanayopenya ndani ya zege, na maji yakikauka chumvi ndiyo hubaki. Huenda ni mfereji wa paa unaomwaga maji karibu na msingi, jambo ambalo fundi mmoja analimaliza kwa siku moja. Huenda pia ukuta umepasuka kwa upande wa nje, chini ya udongo, na hapo watalazimika kuufukua. Picha haiwezi kuniambia ni lipi kati ya hayo, na mstari mweupe ni ule ule kwa yote mawili.

Sasa nivumilie nikueleze jambo ambalo hujaniuliza. Kisa cha msingi wa Sahare unakijua kwa juu juu, kwa vile kilitajwa mezani mara nyingi, lakini sidhani kama umewahi kuambiwa kwamba nawe ulikuwemo.

Mwaka 1986 baba yako alikuwa amehamishiwa bandari ya Mtwara, na nyumba ikawa juu yangu, mwalimu wa shule ya msingi anayetoka darasani saa nane na kwenda kiwanjani kwa miguu. Zile zilikuwa bado enzi za vibali. Saruji hukuinunua dukani, uliiombea kibali, ukangoja miezi, na mifuko ikifika unailalia kama mtoto. Nilikuwa na mifuko 36. Mitaro ya msingi ilichimbwa, nikaikagua yote, na kwenye kona ya mashariki, mahali kilipokuja kuwa chumba chako, nikaona kisiki cha mnazi. Nikamwambia fundi wazi wazi, king'olewe chote, zege la inchi tisa limwagwe chini, kisha jiwe la kwanza lipangwe mbele ya macho yangu. Akaitikia. Usiku ule ukapandwa na homa, ukaingia degedege, nikakukimbiza hospitali ya Bombo, na tukalazwa siku nne. Nilimtuma jirani na ujumbe wa maneno matatu: "Msifunike mpaka nirudi."

Niliporudi mitaro ilikuwa imekwisha kufukiwa, kuta zimefika kimo cha magoti, na fundi anasema, "Mama, kila kitu kimekwenda sawa, tumekuokolea siku." Nikatazama udongo ulioshindiliwa vizuri na kumwagiwa maji. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na furaha kwamba u hai, na nikamlipa.

Ufa ulitokea miaka mitano baadaye, mwembamba kama uzi, kutoka pembe ya dirisha lako kushuka chini. Kila aliyeingia alinisomea ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nikaziba. Nikaziba mara tatu kwa lipu mpya, na mara tatu ukarudi mahali pale pale, kwa sababu methali ile inasema juu ya ufa ulioanzia ukutani, na wangu ulianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipaona. Zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998, ufa ukapanuka hadi kidole kikaingia, nasi tukafukua. Nilipiga magoti mwenyewe. Chini ya jiwe la mwisho hakukuwa na zege; kulikuwa na shimo, na mkono wangu ukazama hadi kwenye kiwiko, ukakutana na nyuzi nyuzi zilizolowa, laini kama usumba. Kisiki hakikung'olewa. Kilifunikwa, kikaoza polepole kwa miaka kumi na moja, na nyumba ikawa imekaa juu ya tundu. Saruji iliyostahili kuwa pale ilikuwa imeuzwa.

Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisimama ukingoni mwa lile shimo na kuniuliza, "Ulikuwa wapi?" Alijua nilikuwa wapi. Akaomba radhi jioni ile ile, na nikamsamehe, lakini nakuandikia leo, ni karibu miaka thelathini, na bado nasikia sauti yake ilivyotamka. Usidhani nakusimulia ili ujilaumu. Kama ningerudishwa siku ile ningekimbilia Bombo tena, pamoja na kisiki na hasara yake yote. Nakusimulia kwa sababu mume wako anafanya kazi Fort McMurray, wiki mbili huko na wiki moja nyumbani, na wewe una zamu zako na watoto wawili, na katika barua yako ya kurasa tatu mmehesabu dola, futi na riba, lakini hamkuandika hata mstari mmoja juu ya nani atasimama pale kabla hawajafunika. Kinachoila nyumba ni kile kilichofunikwa bila mwenyewe kukiona. Nimelisema hili maisha yangu yote na najua mmelichoka.

Mtasema Kanada si Sahare, na mtakuwa na haki. Nilipokuja Februari ya mwaka juzi nilikuwa nikisimama dirishani kwenu nikitazama zile nyumba zinazojengwa ng'ambo ya barabara, kumekufa ganzi nje kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na mkwe wangu akinieleza kila hatua. Msingi lazima ushuke chini ya kina ambacho ardhi huganda, kwa kuwa maji yaliyomo ardhini yakiganda hutanuka na kuiinua nyumba, na yakiyeyuka huiachia ishuke. Ukuta ni mbao zilizosimamishwa, katikati yake pamba ya kioo, kisha karatasi ya nailoni upande wa ndani, ndipo jipsamu, maana hewa ya moto yenye unyevu wa kupikia na kuogea ikipenya hadi kwenye baridi hugeuka maji humo humo, na mbao zikaoza bila mtu kujua. Alinisimulia kuhusu zile fleti za Vancouver za miaka ya 1980 na 1990, ambazo mvua iliingia kutani ikakosa pa kutokea, na maelfu ya familia wakabeba gharama. Nilimsikiliza nikawaza kwamba nyumba zenu zina vya kufunikwa vingi kuliko zetu. Tofali letu hata likiwa bovu linaonekana.

Kweli, kwenu kuna mkaguzi wa manispaa, na hilo nalishukuru. Huja kuona nyaya na mabomba kabla hayajafunikwa, na bila yeye hakuna ruhusa ya kuendelea. Tena sheria ya Alberta, jimbo lenu, inamtaka mwenye nyumba azuie asilimia 10 ya kila malipo ya mkandarasi kwa siku 60, ili wauza mbao na vibarua wasiolipwa wasije wakaidai nyumba yenyewe. Laiti ningekuwa na sheria ya namna hiyo mwaka 1986! Na anayenunua nyumba mpya kwa mjenzi hupewa dhamana, mwaka mmoja kwa kazi na vifaa, miwili kwa mifumo ya joto, umeme na maji, mitano kwa kuta na paa dhidi ya maji, na kumi kwa muundo wenyewe. Lakini mkaguzi ana nyumba nyingi kwa siku na hupita kwa dakika chache, na ninyi mkijenga wenyewe mtaomba idhini ya kuwa wajenzi wa nyumba yenu, na suala la dhamana litakuwa na masharti yake, ambayo nataka myasome kabla ya kutia saini popote.

Hapa ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Kwanza nilifurahia kiwanja, kwa sababu nyumba mpya unaweza kuiona kila kitu kabla hakijafichwa, ilhali ya 1949 ilifunikwa na watu msiowajua. Nyumba ndogo za namna ile zilijengwa upesi kwa ajili ya askari waliorudi vitani na familia zao, na tangu hapo kila mwenye nyumba ameongeza la kwake. Katika dari huenda wamemwaga vemikulaiti, zile chembe nyepesi za kuzuia baridi, ambazo hadi 1990 nyingine zilikuwa na asbestosi, yale madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, na hizo haziguswi mpaka zipimwe. Nyumba za Edmonton za kabla ya 1960 huenda bomba lake la maji kutoka barabarani ni la madini ya risasi, yenye sumu, na wajukuu zangu ndio watakaoyanywa. Nyaya zikiwa za zamani sana kampuni ya bima inaweza kukataa kuikatia nyumba bima, na bila bima benki haitoi mkopo. Na radoni, ile gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini, hukusanyika besimenti. Serikali yenu inasema ikizidi bekereli 200 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo irekebishwe, na kipimo chake unakiweka mwenyewe na kukiacha miezi mitatu ya baridi.

Halafu nikageuka. Sisi huku hujenga tofali kwa tofali, fedha ikipatikana. Tulihamia Sahare madirisha yakiwa na magunia, na sakafu ya chumba chako ilikuja baada ya wewe kuanza shule. Kwenu hilo haliwezekani. Kibali kina muda wake, benki hutoa fedha za ujenzi kwa awamu, na kila awamu baada ya kazi kufanyika na kukaguliwa, kwa hiyo lazima muwe na akiba ya kutangulia, na mkiishiwa katikati, nyumba isiyofungwa itakutwa na Novemba. Tena kodi ya hapo mlipo itaendelea muda wote huo. Kwa hesabu hiyo ukarabati wa huko ndio unaofanana na ujenzi wetu wa huku: mnaingia, mnalala ndani, mnaanza na kona inayovuja, jikoni mwaka ujao, na kila ukuta mtakaoufungua mtakuwa mmelala hatua tatu kutoka pale fundi anapofanya kazi. Kujenga kiwanjani kunataka mtu awepo saa za mchana, na kiwanja chenu ni dakika 50 kwa gari, katika barafu, na mume wako yupo Fort McMurray.

Mmeona ninavyokwenda, na kalamu imeshaelekea upande mmoja. Naizuia. Ninyi ndio mtakaolipa miaka 25, nanyi ndio mnaojua mmebakiwa na nguvu kiasi gani baada ya zamu. Mimi nimekaa barazani na upepo wa bahari. Lakini kama mtachukua nyumba ya zamani, msimlipe mkaguzi aliyependekezwa na muuzaji, mtafuteni wenu, na wewe mwenyewe uwepo, uingie naye darini na umwangazie tochi. Na kama mtachukua kiwanja, basi mume wako aombe likizo yake yote iangukie wiki ile ya msingi na wiki ile ya kabla ya jipsamu, na harusi na safari zingine zote zisubiri, hata kuja kwenu kuniona. Piga picha ya kila ukuta ukiwa wazi, chumba kwa chumba, uandike tarehe.

Hilo la mstari mweupe lakini siwezi kuliacha. Usijibu ofa yao sasa, wakati ardhi imeganda na maji hayatembei. Ngoja theluji ianze kuyeyuka, uombe kuiona nyumba kwa mara ya pili, ushuke besimenti peke yako, uweke kiganja chini ya ule mstari kwenye kona, ukihesabu polepole hadi mia. Kisha unipigie, saa yoyote, hata kama huku ni usiku.

Wasalimie wajukuu zangu na mkwe wangu.

Mama yako