Saa za Apache kwenye kompyuta hazikufanyi rubani, lakini si bure

Umeuliza kama saa nyingi za kuirusha Apache, helikopta ya kivita, kwenye mchezo wa kompyuta zinatosha kuirusha ya kweli. Hapana, ila usizidharau. Taratibu za kuwasha injini, vyombo na silaha unaweza kuzijua vizuri kabisa ukiwa kitini kwako. Kinachokosekana ni mwili. Ukishuka wima kwa kasi huku huendi mbele, helikopta inazama kwenye upepo inaousukuma yenyewe chini; ukiongeza nguvu, hali inazidi kuwa mbaya. Rubani huhisi mtetemo ukibadilika kwenye kiti, wewe unaona namba tu kwenye skrini. Halafu kuna ile lenzi ndogo ya kofia ya rubani, mbele ya jicho la kulia: usiku inamletea picha ya kamera iliyo puani mwa helikopta, huku jicho la kushoto likitazama giza. Hilo ni zito kulizoea!

Kuhusu kupambana na ndege za kivita, michezo inayoonyesha helikopta ikizishinda haidanganyi sana. Katika majaribio ya kijeshi ya J-CATCH nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, helikopta zilizishinda ndege za kivita mara nyingi katika mapigano ya kuigiza, hasa ndege ziliposhuka kuzifuata chini karibu na ardhi.